Jinsi ya kumsoma George Griffith: mwongozo kamili kuanzia kupakua mpaka kutafsiri

Ukitaja hadithi za Uingereza kuvamiwa watu wanakimbilia kwa H. G. Wells na viumbe wake wa Mars, na wachache waliosoma zaidi kidogo watakutajia Chesney, yule mwanajeshi aliyeandika mwaka 1871 kwamba Wajerumani wametua Uingereza na kushinda vita pale Dorking. George Griffith hatajwi. Na huyu jamaa mwaka 1893 ndo alikuwa habari ya mjini London, wakati huo Wells hajatoa hata riwaya moja.

Jina lake kamili ni George Chetwynd Griffith-Jones, kazaliwa Plymouth 1857, baba yake mchungaji. Kaenda baharini bado kijana mdogo, karudi akawa mwalimu wa shule, halafu akaishia kwenye magazeti ya C. Arthur Pearson, ambako mwaka 1894 walimtuma aizunguke dunia akaimaliza kwa siku 65. Kafariki 1906 Isle of Man akiwa na miaka 48, na baada ya hapo kimya.

Sasa kabla hujaanza kupakua chochote shika hili: Griffith alikuwa mwandishi wa gazeti la kila wiki. Hakukaa miaka mitano akinoa sentensi, alikuwa anajaza kurasa za Pearson's Weekly, gazeti la peni moja, na msomaji wake alikuwa karani au fundi aliyepo kwenye treni anarudi nyumbani. Ukimsoma kama unavyosoma riwaya za darasani utamchoka mapema sana. Ukimsoma kama gazeti, kidogo kidogo, na habari za mwaka ule ziko pembeni, hapo ndo utamu unakuja. Hatua zote hapa chini zinatoka kwenye hilo.

HATUA YA 1: Jua kwanza walikuwa wanamuogopa nani

Hapa wengi wanapotea, na ni kwa sababu sote tumesoma vita vya 1914 kwa hiyo kichwani adui wa Mwingereza ni Mjerumani tu. Mwaka 1893 haikuwa hivyo. Adui alikuwa Mfaransa, na nyuma yake Mrusi. Meli za kivita za Ufaransa zilitembelea Kronstadt, ngome ya bahari ya Urusi, mwaka 1891, zikapokelewa kwa shangwe, halafu Oktoba 1893 Warusi nao wakaenda Toulon, na ilipofika 1894 hao wawili walikuwa na mkataba kamili. Waingereza walishaanza kujipanga mapema, sheria yao ya ulinzi wa majini ya 1889 ilisimamia kanuni kwamba jeshi lao la maji lazima liweze kulingana na majeshi mawili yanayolifuata kwa ukubwa yakiwekwa pamoja, na hayo mawili hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ya nani.

Chukua karatasi uandike miaka hii, ukae nayo unaposoma. 1871, Prussia, dola ya Kijerumani, imeshaipiga Ufaransa, hadithi ya Chesney inatoka, adui Mjerumani. 1882, kuna mpango wa kuchimba handaki chini ya bahari kutoka Uingereza mpaka Ufaransa, watu wanapiga kelele kwamba askari wa Kifaransa watapita humo usiku, hadithi zinaandikwa, mradi unasimama. 1893, Ufaransa na Urusi, hapa ndo Griffith anaingia. 1904, Uingereza na Ufaransa wanapatana. Kuanzia hapo adui wa kwenye vitabu anabadilika, na ushahidi mzuri ni William Le Queux: 1894 alitoa kitabu ambacho Wafaransa na Warusi wanavamia na Mjerumani anakuja kusaidia, 1906 akaandika kingine kwenye Daily Mail, safari hii mvamizi ni Mjerumani huyohuyo. Mwandishi mmoja, miaka 12 tu katikati.

Tukio moja zaidi liongeze kwenye hiyo karatasi. Tarehe 22 Juni 1893, pwani ya Tripoli ya Lebanon, manowari ya Kiingereza Victoria iligongwa na mwenzake Camperdown wakiwa kwenye mazoezi, mchana kweupe, ikazama na watu 358 akiwemo admirali mwenyewe, Tryon. Hadithi ya Griffith ilikuwa inaendelea kwenye gazeti miezi hiyohiyo. Yaani msomaji anaweka chini habari ya manowari ya mamilioni iliyozama kwa kosa la amri moja, anachukua hadithi inayomwambia manowari zote hizo ni vyuma vya kubomolewa kutoka angani. Usishangae kwa nini aliiamini.

HATUA YA 2: Pata faili iliyo sahihi

Kitabu cha kutafuta ni The Angel of the Revolution. Kilitoka kwa vipande kwenye Pearson's Weekly kuanzia Januari 1893, na mwaka huohuo kikawa kitabu. Kipo bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, na Project Gutenberg Australia wana rundo la kazi zake nyingine. Internet Archive wao wana skani za vitabu vyenyewe, ukurasa kwa ukurasa.

Kama unasoma kwa simu na bando lako ni la kubana chukua EPUB ya Gutenberg, ni faili ndogo na maandishi unayakuza unavyotaka. Skani ya PDF ni nzito na kwenye skrini ndogo utakuwa unavuta kushoto na kulia mpaka ukereke. Ila nayo usiidharau, ifungue ukiwa na waifai, angalau uone michoro ya Fred T. Jane, kijana ambaye baadaye, 1898, alianzisha kile kitabu cha kila mwaka cha manowari zote duniani ambacho mpaka leo majeshi yanakitumia. Ndege za Griffith alizichora yeye, na ukiziona utaelewa mambo ambayo maneno peke yake hayakufikishi: ni meli kabisa, zina milingoti mitatu, ila juu ya milingoti badala ya matanga kuna mapangaboi.

Matoleo ya kuchapishwa kwa oda yanayouzwa mtandaoni yapite mbali. Mengi ni mashine imesoma skani, hakuna binadamu aliyehariri, unakuta herufi zimegeuka na kurasa zimeruka, na unalipia kitu ambacho kizuri chake kipo bure.

Weka na kamusi ya Kiingereza isiyohitaji intaneti. Kiingereza chake si kigumu kama cha washairi, ugumu uko kwenye urefu wa sentensi na maneno ya meli na mizinga. Neno la chombo usipolielewa libonyeze, soma, endelea, usigeuke mwanafunzi wa ubaharia.

HATUA YA 3: Onja kwanza hadithi fupi

Usianze na kitabu kikubwa. Anza na The Raid of "Le Vengeur", hadithi fupi ya 1901 kutoka Pearson's Magazine, inasomeka kwa kikao kimoja. Nyambizi ya Kifaransa dhidi ya meli za Kiingereza. Angalia mwaka huo vizuri: nyambizi ya kwanza kabisa ya jeshi la Uingereza, Holland 1, ilishushwa majini Oktoba 1901. Kwa hiyo anaandika juu ya silaha ambayo nchi yake ilikuwa inasitasita kuwa nayo.

Humo utaona mtindo wake wote kwa udogo. Mgunduzi ana mashine, mashine inabadilisha hesabu za dola, watu wakubwa wanatetemeka. Ukipenda, nenda hatua inayofuata. Usipopenda, kiukweli hutapenda na kile kikubwa, na hamna ubaya.

HATUA YA 4: Soma The Angel of the Revolution kwa mafungu

Sura tatu au nne kwa wiki, basi. Wenyewe walikipata kwa vipande pia, kuanzia Januari mpaka Oktoba. Ukikimeza kwa siku mbili vita vinafanana, mji unaanguka, mji mwingine unaanguka, unachoka.

Mwanzo wake nitakuonyesha kwa karibu kwa sababu ni mzuri kuliko sifa alizonazo. London, Septemba 1903, maana alikuwa anaandika miaka kumi mbele. Richard Arnold, kijana wa miaka 26, yuko peke yake kwenye chumba cha kupanga, amekula pesa zote kwenye utafiti wake, na mbele ya macho yake kimfano kidogo cha chombo kinaruka chenyewe. Amefaulu! Na hana hela. Anatoka kutembea ukingo wa mto Thames usiku, anaongea peke yake kwa sauti kama mtu aliyechanganyikiwa, anasema chombo chake kikiangukia mikononi mwa mfalme wa Urusi itakuwaje, na kuna mtu amesimama karibu amesikia kila neno. Huyo mtu anaitwa Colston, ni wa chama cha siri kinachotaka kuupindua ufalme wa Urusi, na mgongoni ana makovu ya mijeledi ya kule. Kwa hiyo silaha kubwa kuliko zote duniani inaishia kwa chama cha siri kwa sababu mgunduzi amefilisika na mdomo haukufungwa. Serikali ya Uingereza haikuwa hata na habari.

Wale wa chama Griffith anawaita magaidi, na ndo mashujaa wake. Usiruke hapo. Mwaka 1881 wanamapinduzi wa Urusi walimuua Tsar Alexander II kwa bomu, na London ya wakati ule ilikuwa na wakimbizi wa kisiasa wa Kirusi waliopata marafiki hata kwenye nyumba za heshima. Stepniak, aliyemchoma kisu mkuu wa polisi wa siri huko Petersburg mwaka 1878, alikuwa anaishi London na kuandika vitabu, watu wanamwalika kutoa hotuba. Msomaji wa gazeti la peni alikuwa anamchukia Tsar kuliko anavyowaogopa hao.

Unapoendelea kuwa na daftari, na kila baada ya sura jiulize: mashine mpya ni ipi, nani kalipia, na baada ya mlipuko nani anatawala. Hilo la tatu ndo linalomtofautisha na wenzake. Chesney na wengi waliomfuata walitaka bunge liongeze askari, hadithi ikiisha unatakiwa ukampigie kelele mbunge wako. Griffith anaachia kila kitu kiungue, majeshi yote, halafu anaweka shirikisho la Waingereza na Wamarekani juu ya dunia na kupiga marufuku vita kwa nguvu za ndege. Ni amani ya mtutu, na inaonekana kabisa alikuwa haoni tatizo.

Halafu ile Septemba 1903. Ndugu wawili Wright waliruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1903. Kakosea miezi mitatu tu, ingawa chake kinapiga mabomu mji mzima na cha Wright siku ile kilienda sekunde 59 kwenye jaribio refu kuliko yote.

HATUA YA 5: Fungua ramani

Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka ramani za zamani za Uingereza mtandaoni bure, unazikuza mpaka unaona nyumba mojamoja. Ukifika kwenye vita vya Dover na London kuzingirwa, fungua hiyo ramani ya miaka ya 1890 uwe unafuata. Hadithi za uvamizi zilikuwa zinauzwa kwa ujanja huu, kumuonyesha msomaji mtaa wake ukiwaka. Le Queux ilipofika 1906 alilazimika kubadilisha njia ya wavamizi ili wapite miji yenye wanunuzi wengi wa gazeti, maana gazeti haliuzwi kijijini. Griffith hakufika huko, ila damu ni ileile.

Kronstadt nayo itafute, ipo kisiwani mbele ya St Petersburg. Ndo inayopigwa na chombo cha Arnold, kinachoitwa Ariel, kama onyo la kwanza, na kumbuka ndo palepale meli za Ufaransa zilipokaribishwa 1891. Hakupachagua kwa bahati.

Alafu kuna sehemu inayotuhusu sisi. Makao ya siri ya chama yako Afrika, bonde lililozungukwa na milima, hufiki isipokuwa kwa kuruka, wanaliita Aeria. Miaka mitatu kabla, 1890, Waingereza na Wajerumani walikaa mezani wakagawana pwani yetu, Zanzibar ikawa chini ya Uingereza na Wajerumani wakapewa kisiwa cha Heligoland kule kwao. Soma sura za Aeria ukiwa na mkataba huo kichwani. Pepo ya watu weupe, katikati ya bara letu, imetengenezwa kwa kalamu. Tafuta Mwafrika anayeongea humo, uone utampata ukurasa wa ngapi.

HATUA YA 6: Sehemu chafu usiziruke

Zipo. Kiongozi mkuu wa chama, Natas, ni Myahudi mlemavu mwenye uwezo wa kuwatawala watu akili kwa macho, na jina lake ukilisoma kinyumenyume unaona mwenyewe mwandishi alikuwa anacheza na nini. Damu ya Kianglo-Saxon inasifiwa mpaka inaudhi. Kwenye kitabu cha pili, mwendelezo wa hiki, adui mmojawapo ni dola kubwa ya Kiislamu ya sultani Khalid, na imeandikwa na mtu anayeona Uislamu kama wingu la mvua.

Ushauri wangu, weka alama hizo kurasa, usizipite. Ukija kumsimulia mtu hadithi hii useme wazi kwamba maneno ni ya Griffith na wakati wake, kwa sababu nimeona watu wanasimulia vitabu vya namna hii kwa furaha ya ndege na mabomu tu, msikilizaji anakuja kukifungua anakutana na hayo mambo bila taarifa.

HATUA YA 7: Ingia kwenye magazeti ya zamani

Hii ndo hatua ninayoipenda na wengi hawaifahamu. Hifadhi kubwa ya magazeti ya Uingereza ni ya kulipia. Lakini New Zealand wana Papers Past na Australia wana Trove, zote bure, hata akaunti si lazima, na magazeti ya makoloni yale yalikuwa yanachapa upya habari, matangazo na hadithi kutoka London.

Fanya hivi. Andika jina la kitabu ndani ya alama za nukuu, lote kwa pamoja, la sivyo utaletewa kila malaika na kila mapinduzi ya karne ya 19. Bana miaka, 1893 mpaka 1895. Ukimaliza rudia kwa jina la mwandishi, na hapa jaribu Griffith na Griffith-Jones. Mashine iliyosoma magazeti hayo ilikosea herufi nyingi, kwa hiyo usipopata kitu punguza maneno, tafuta nusu ya jina. Ukipata makala usisome makala peke yake, fungua ukurasa mzima uone majirani zake, bei ya sufu, meli zilizoingia, tangazo la dawa ya kikohozi. Utajua alikuwa anasomwa na nani.

Kuhakikisha tarehe za hadithi fupi tumia ISFDB, orodha ya mtandaoni ya hadithi za kisayansi, na kwa maelezo ya maisha na kazi zake ensaiklopidia ya mtandaoni ya hadithi za kisayansi, ile ya SFE, iko makini. Kuna na vitabu viwili ukibahatika kuvipata maktaba: I. F. Clarke wa 1966, Voices Prophesying War, kuhusu aina hii yote ya hadithi, na Sam Moskowitz aliyeandika maisha ya Griffith kwenye mkusanyiko wa hadithi zake wa 1974. Ukikutana na posti inayosema Griffith ndo wa kwanza duniani kutabiri hiki na kile, tulia. Alikuwa anaokota mawazo ya wenzake kama waandishi wote wa magazeti, Jules Verne alisharusha meli yenye mapangaboi mwaka 1886.

HATUA YA 8: Mtafute na mtoto wake

Ukiwa umesoma uhandisi, jina Griffith ulishakutana nalo. Nadharia ya nyufa, ile inayoeleza kwa nini kioo kinapasuka kwa nguvu ndogo kuliko hesabu inavyosema, makala ya 1921. Huyo ni Alan Arnold Griffith, mtoto wa huyuhuyu, kazaliwa Juni 1893 hadithi ikiwa bado inatoka gazetini. Mashujaa wakubwa wa kitabu ni Richard Arnold na Alan Tremayne. Majina hayo ya mtoto sina la kuongeza.

Huyo Alan baadaye alikuwa Rolls-Royce, mmoja wa waliofungua njia ya injini za jeti, na mawazo yake ndo yaliyozaa ile mashine ya majaribio ya miaka ya 1950 waliyoibatiza kitanda kinachoruka, isiyo na mabawa, inanyanyuka wima kwa nguvu ya jeti tu. Baba kanyanyua meli kwa mapangaboi kwenye karatasi, mtoto kanyanyua chuma chenyewe.

HATUA YA 9: Baada ya hapo usome nini

Mwendelezo ni Olga Romanoff, 1894, umewekwa mwaka 2030 na kuendelea, na unaishia na kimondo kinachokuja kuichoma dunia. Ni mbaya kuliko cha kwanza ila una kasi. A Honeymoon in Space, 1901, si uvamizi, ni maharusi wanatembelea sayari, kisome ukitaka kupumzika. Kama umeandika ile karatasi ya miaka malizia na The Lord of Labour, kilichotoka 1911 yeye ameshakufa: hapo Mjerumani ameshakuwa adui.

HATUA YA 10: Tafsiri sura moja

Sheria iko upande wako. Griffith amefariki 1906. Tanzania na Kenya hakimiliki inalindwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo, Uingereza miaka 70, kote imeshaisha zamani. Michoro ya Jane nayo ni huru, kafariki 1916. Cha kuangalia ni dibaji na maelezo yaliyoongezwa kwenye matoleo mapya na watu wa leo, hizo ni mali yao, usiziguse. Fanyia kazi maandishi ya Gutenberg, ulinganishe na skani pale unapoona sentensi imekatika.

Chukua ile sura ya kwanza ya chumba cha kupanga. Ni fupi, karibu yote ina mtu mmoja, haina mizinga. Sentensi zake ndefu zikate, Kiswahili hakibebi vishazi sita kabla ya kitenzi kikuu, na pale anapohubiri kuhusu maendeleo ya binadamu usiogope kumwacha ahubiri, ndivyo alivyo. Vyeo vya jeshi tumia vya jeshini kwetu, vya ikulu ya Urusi viache kama vilivyo na uweke maelezo mstari mmoja chini ya ukurasa. Kisha mpe mtu ambaye hajui Kiingereza aisome, na akikuuliza yule aliyesikia pale mtoni alikuwa nani, mtafsirie na ya pili.